Ngozi Juu ya Kisima

Jumatatu, 4 Machi 1985
Limi kakohoa tangu alfajiri. Nepi nimefua kwa majivu, sabuni hakuna. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Shija, kapita na daftari la sukari. Tunaojua kuandika tumetia sahihi, wengine dole gumba. Jirani yangu Mama Masanja kamwaga wino kwenye karatasi. "Kidole hiki ndiyo cheti changu cha darasa la saba," anasema. Tumecheka.

Alhamisi, 7 Machi
Sukari haijaja. Kumbe Jumamosi kamati ya kata inakaa. Mfanyabiashara wa ngozi anataka kiwanja cha zahanati, kile cha juu ya kisima chetu, kigeuzwe pa kukaushia ngozi mbichi. Uchafu utateremkia wapi? Kisimani. Limi ana miezi saba. Baba Limi anasema nitulie, kamati haipitishi mpaka wakazi wakubali. Haya.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekwenda, mtoto mgongoni. Katibu kasema wakazi tumeshakubali, majina haya hapa. Kainua karatasi. Nikaliona doa la wino, dole la Mama Masanja, chini yake sahihi yangu. Karatasi ya daftari la sukari. Imechanwa, ikabandikwa nyuma ya barua ya maombi.
Nikasimama nikasema hayo ni majina ya sukari.
"Mama Limi, kwani sahihi si yako?" Mwenyekiti huyo.
"Ni yangu."
"Basi kaa unyonyeshe."
Wakacheka. Mzee Shija anatazama viatu vyake. Vipya. Mikono ikanyooshwa, maombi yakapita.
Watu wazima, wana wajukuu.

Jumanne, 12 Machi
Sukari imekuja. Mzee Shija kaileta mwenyewe mlangoni. Shikamoo nimempa, ni mtu mzima. Sukari nimemwambia arudi nayo. Limi kanywa uji wa chumvi. Baba Limi kanuna. Anune. Nimeandika barua wilayani, kurasa mbili.

Jumapili, 24 Machi
Wilaya kimya. Ngozi zimeanikwa. Nzi. Harufu mpaka kwenye ugali.
Sasa tunateka maji kisima cha mbali, saa nzima kwenda. Njiani Mama Masanja kaniomba nimwonyeshe jina lake linavyoandikwa. Nimeliandika vumbini kwa kijiti. Kalitazama sana, kalifuatisha kwa kidole, herufi moja moja. Halafu akalifuta kwa unyayo, lote, asije mtu akaliokota.
Tukajitwika ndoo.