Miguu ya Mbao Kwenye Gari-Nyumba

Jumatatu, 9 Juni

Jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: shuleni nilisema Bibi amefariki.

Ilikuwa kidato cha kwanza, wiki ya pili. Happy na wenzake walitaka kuja kwetu kujisomea. Nikasema tuna msiba wa Bibi. Darasa zima likanipa pole, tena kwa Kiingereza, maana kipindi kilikuwa cha Kiingereza. Sasa niko kidato cha tatu na kule Bibi bado ni marehemu.

Huku yuko hai. Leo nimemwosha miguu kama kila asubuhi ya likizo. Maji napima kwa kiwiko changu kwanza, maana yeye hasikii moto wala baridi. Aliugua ukoma akiwa msichana. Alipona kabla Mama hajazaliwa, hamwambukizi mtu. Ila miguu ilibaki na ganzi, vidole vikaisha, nyayo zikawa fupi na nene. Mtaani tumesema ana sukari. Anavaa soksi na kanga ndefu.

Kidonda cha mguu wa kushoto kimerudi. Nesi amesema wazi. Kikifika mfupani, mguu unakatwa. Mwisho wa Julai daktari ataangalia na kuamua. Bibi apumzike, apate viatu vinavyomfaa. Viatu vya kumfaa havipo dukani, mguu wa namna ile hauna namba. Anavaa yeboyebo za plastiki za Baba mdogo, amezifunga kwa kamba ya katani.

Naogopa sana. Hilo nalo sijalisema.

Mchana nimepeleka chakula gereji. Baba mdogo Gaspari amevuta gari la ajabu kutoka Lupiro. Ndani kuna kitanda, sinki na jiko la gesi. Mzungu mmoja mzee alikuwa akisafiri na kulala humo, akaliacha kwa mlinzi wake, akaenda kufia kwao. Baba mdogo anataka kuligeuza kibanda cha chipsi. Mimi nilisafishe ndani. Nimeitikia. Huwa naitikia tu.

Jumanne, 10 Juni

Vumbi. Mavi ya panya. Mapazia yenye maua yaliyokufa.

Kwenye kabati nimekuta vyombo visivyo vya gari. Baba mdogo, fundi wa miaka mingi, hajui hata kimoja, lakini kila kimoja kakitolea hukumu:

Kisu kama nusu ya mwezi, mpini katikati. "Cha kukatia vitunguu."

Kigurudumu chenye meno kwenye mpini. "Cha maandazi, hicho. Wazungu wanapenda mapambo."

Koleo lenye mdomo mpana uliopinda, na chini ya mdomo nundu kama kichwa cha nyundo. Hapo alikwama. Akaling'atisha bomba, likateleza. "Labda la kung'olea meno ya tembo," akasema, akacheka peke yake.

Mfuko wa unga mweupe uliogeuka jiwe.

Kitu kama kitabu chenye jalada gumu. Ndani hakina karatasi, kuna mpira mwembamba uliochongwa vijidirisha kama chandarua. "Zulia la panya," alisema Baba mdogo.

Nimevichora vyote humu. Nimetafuta kwenye simu kwa Kiingereza. Tatizo ni kwamba simu inataka jina ndiyo ikuonyeshe kitu, na mimi nina kitu sina jina.

Jumatano, 11 Juni

Siku mbaya.

Chini ya kitanda kuna droo ndefu. Ilikuwa imekwama. Baba mdogo akaivunja kwa tindo, ikamwaga miguu.

Ya mbao. Kumi na mmoja. Mizito, imesuguliwa hadi inang'aa. Mingine ina vidole viwili. Mingine haina hata kimoja. Juu yake rundo la karatasi zenye nyayo za wino mweusi, nazo hazina vidole.

Mama Rehema, anayeuza uji mbele ya gereji, alikuwa analeta kikombe. Kikombe kikaanguka. "Gaspari, umetuletea nini hapa? Hiyo ni miguu ya watu! Huyo Mzungu alikuwa anakata miguu ya watu!"

Nikaokota mmoja. Nimeujua kabla sijaushika vizuri. Mfupi, mnene, ukingo wa nje umeporomoka. Naosha mguu wa namna hii kila asubuhi.

Ningeweza kusema. Nikanyamaza. Nikaurudisha kwenye droo kama nimeungua. Ni mwoga. Naandika ili nilisome tena: Devota ni mwoga.

Alhamisi, 12 Juni

Mtaa mzima unajua. Waliokuwa wameleta pikipiki wamekuja kuzichukua, hata zisizowaka. Mmoja kaisukuma kwa mguu hadi barabarani. Mwenyekiti wa mtaa amepita. Jumamosi asubuhi mkutano. Vitu vyote vya kwenye gari vitachomwa, na Padri ataombwa kubariki eneo. Baba mdogo amekubali. Anasema bora achome mbao kuliko achomewe gereji.

Mimi nilitaka kujua hiyo miguu ilikuwa ya kazi gani. Labda yule mzee alikuwa anachonga sanamu tu. Nikafunga koleo na mguu mmoja kwenye kanga, nikaenda stendi kwa Masanja, fundi viatu. Nimepita mbele ya meza yake mara tatu bila kusimama.

Mara ya nne akasema mwenyewe, "Dada, ukipita tena nakutoza ushuru."

Nikafungua kanga. Hakushtuka. Alichukua koleo kwanza, akaligeuza. Halafu akachukua kiatu cha mteja, akabana ngozi kwa ule mdomo mpana, akaivuta juu ya ukingo, na bila kubadilisha mkono akapigilia kimisumari kwa ile nundu. Vuta, piga. Vuta, piga. Chombo kimoja, kazi mbili.

"Mwalimu wangu kule Shinyanga alikuwa nalo moja," alisema. "Alikuwa analala nalo. Umelitoa wapi?"

Halafu mguu. "Hii ni kalibu. Kiatu kinashonwa juu yake, halafu unaichomoa. Ila hii ya nani? Mbona hana vidole?"

Nilifungua mdomo. Nikasema sijui.

Lakini nilikimbia kurudi nyumbani. Nimekimbia kweli, kanga mkononi, watu wakinitazama. Yule mzee alikuwa fundi viatu! Gari lile lilikuwa karakana. Alikuwa anawafuata wenye miguu ya namna hii walipo.

Ijumaa, 13 Juni

Kimebaki kile kitabu cha mpira. Nimekaa nacho ndani ya gari asubuhi yote. Kwenye vijidirisha kulikuwa na weusi uliokauka. Wino, kama ule wa kwenye karatasi. Basi nikanunua wino wa muhuri, nikaupaka kwenye mpira, nikaweka karatasi ya daftari chini yake, nikafunga. Nikakanyaga juu.

Nilipofungua, unyayo wangu huo! Vijidirisha vyote. Kisigino cheusi, katikati peupe, vidole kama kunde tano. Palipobeba uzito pana weusi zaidi. Kinapima unakanyagia wapi.

Nikakibeba nyumbani. "Bibi, kanyaga hapa mara moja." Akakanyaga, ameshikilia bega langu. Mguu wa kushoto ulitoa doa moja jeusi tii, duara, pembeni kwa mbele. Palepale penye kidonda. Uzito wote wa Bibi unaangukia kwenye duara la ukubwa wa kizibo cha soda.

Nililia. Siyo kwa huzuni tu. Nilikuwa nimeelewa kitu kwa akili yangu mwenyewe, bila mwalimu.

Bibi alikumbuka. Zamani, kabla hajahamia huku kutoka Mahenge, alisikia kuna mtu anazunguka na gari anapima watu miguu. Aliona aibu kwenda. Gari likapita.

Nikamwambia kuhusu kesho. Nikamuuliza kama naruhusiwa kusema mguu wake ukoje.

"Sema," alisema. "Nimechoka kuwa na sukari ambayo sina."

Jumamosi, 14 Juni

Nimesema!

Niandike vizuri. Watu walijaa hadi barabarani. Miguu ya mbao ilikuwa chini, imepangwa juu ya matairi mawili, dumu la mafuta ya taa pembeni. Masanja alikuja, nilimpitia asubuhi. Happy naye alikuwepo na dada yake.

Mwenyekiti alipoinua dumu nilipanda ngazi ya gari. Nikasema, "Shikamooni." Sauti ilitoka kama ya kuku. Kijana mmoja wa boda akasema, "Ongeza sauti, mtoto, au nawe umekatwa ulimi?" Wakacheka. Ajabu, kicheko kile kikanisaidia. Nikaona nimeshachekwa tayari, limebaki la kusema tu.

Nikasema miguu ile haikukatwa kutoka kwa mtu. Ni kalibu za viatu. Ni za watu waliougua ukoma wakapona na miguu ikabaki hivyo. Nikasema Bibi yangu ana mguu wa namna hii. Hana sukari. Namwosha mimi, kila siku, na vidole vyangu hivi hapa vyote kumi.

Watu wakaangalia mikono yangu.

Halafu Happy, siyo kwa ubaya, kwa mshangao tu: "Devota, si ulituambia bibi yako alishakufa?"

Hapo nilitamani ardhi inimeze. Nikasema, "Nilidanganya. Nilikuwa namwonea aibu. Sasa naionea aibu hiyo aibu." Sijui maneno hayo yalitoka wapi.

Mama Rehema akauliza watajuaje kama sidanganyi tena. Swali zuri. Nikachukua kitabu cha mpira nikamwomba Mwenyekiti avue kiatu. Alikataa. Watu wakaanza: "Vua! Vua! Mwenyekiti ana soksi imetoboka!" Na kweli ilikuwa imetoboka. Akakanyaga. Nikainua karatasi juu wote waione, pamoja na moja ya zile za kwenye droo: wino wa namna ileile, mtu amesimama kwa mguu wake mwenyewe. Wa Mwenyekiti bapa kabisa, hauna hata kaupenyo katikati.

"Bata!" alisema Mama Rehema, akacheka hadi akakaa kwenye ndoo yake. Mtaa mzima ukacheka, na Mwenyekiti akacheka mwisho. Kila mtu akataka kukanyaga. Wino uliisha.

Masanja akainua koleo akaonyesha, vuta, piga. Akasema mbele ya wote kwamba apewe vyombo hivi na unyayo wa Bibi, atamshonea kiatu. Baba mdogo akaondoa dumu mwenyewe.

Nilirudi nyumbani nikijua habari zimenitangulia. Zilikuwa zimenitangulia. Bibi alikuwa mkekani, uso mkavu.

"Kumbe nilikufa," alisema.

Nikapiga magoti.

"Nilizikwa vizuri?"

"Bibi, nisamehe."

"Nakuuliza, nilizikwa vizuri?" Akashindwa kujizuia, akacheka, meno yake matatu yote nje. "Haya, mletee marehemu uji. Marehemu ana njaa."

Jumapili, 15 Juni

Nimelala mchana kutwa. Happy kaja. Kakaa na Bibi muda mrefu kuliko alivyokaa na mimi. Wivu kidogo.

Alhamisi, 26 Juni

Kiatu kimekuwa kigumu kuliko tulivyofikiri. Hakuna kalibu hata moja iliyolingana na Bibi. Masanja ameijenga iliyokaribia kwa vipande vya ngozi, anabandika, anapima, anabandua. Cha kwanza kilibana kisigino. Nikagundua mimi, kwa wino. Tumekitupa.

Nesi aliiangalia karatasi muda mrefu, akauliza nani kafanya. Nikasema mimi, kwa sauti ya kawaida. Akatuelekeza: soli ngumu isiyokunjika, upande wa chini tairi, juu sponji, na pale penye doa sponji ichimbwe ili mguu uelee. Na Bibi atembee kwa gongo hadi kidonda kifunge.

Leo viatu viwili vimekamilika. Vyeusi. Vina mshono uliofuata alama za kile kigurudumu. Bibi kavaa, kakanyaga juu ya mpira akiwa navyo mguuni, kavua, kauliza tena kama ni vyake.

Doa limeenea. Limekuwa la kijivu, mguu mzima. Masanja karusha kofia juu ya paa la gereji. Bado iko huko.

Jumapili, 6 Julai

Mtu mmoja kaja gereji kwa baiskeli kutoka kijiji cha Mbingu. Jua kali, kavaa mabuti ya mpira. Akazunguka gari, akauliza bei ya matairi, akauliza barabara. Nimejua anachotaka. Nami nilipita mara tatu kwenye meza ya Masanja.

Nikamwambia, "Shikamoo baba. Ukitaka kupimwa, ndani kuna pazia."

Aliingia. Watano sasa, tangu ule mkutano.

Baba mdogo ameahirisha chipsi. Alipendekeza upande mmoja viazi, upande mwingine viatu. Masanja kamuuliza kama atakula chipsi zenye harufu ya gundi.

Jumanne, 29 Julai

Daktari kaangalia. Kabonyeza. Kaangalia tena kwa tochi.

Kidonda kimefunga. Mguu haukatwi. Haukatwi! Haukatwi! Nimeandika mara tatu na ningeweza kujaza ukurasa.

Bibi alimuuliza daktari kama anaruhusiwa kucheza ngoma. Daktari akasema taratibu. Bibi akasema yeye hajui taratibu. Nilicheka kwa nguvu kwenye korido iliyojaa watu, wakageuka wote kunitazama, na sikuinamisha uso.

Jumatano, 30 Julai

Nimetoka shule. Kaubaridi kazuri. Gari-nyumba, ambalo Baba mdogo ameifufua injini yake, limeondoka asubuhi kwenda kupima watu vijijini, yeye usukani, Masanja nyuma na vyombo vyake, mapazia nimeyafua. Nyumba imetulia. Maharage yako jikoni.

Bibi alikwenda kwa Mama Rehema kuomba chumvi. Amekwenda mwenyewe, bila gongo. Sasa anarudi, namsikia uani. Kisigino, soli. Kisigino, soli. Anakanyaga kama mtu anayekwenda kazini.

Amefika barazani. Kwa kawaida hapa ndipo ninapolifunga daftari na kulikalia. Miwani yake ya kusomea iko hapa mezani.

Nimeisogeza upande wake.