Nusu ya Dawa Yako Niliivuta Mimi

Dada Amoit,

Yoga. Nimekusalimu kwa Kiteso chako kwanza, usije ukasema Nafula ameanza maneno kabla ya salamu. Watu husema marehemu anajua yote. Mimi sina hakika, kwa hiyo nakueleza tu.

Jiko letu hapa Malaba, kando ya foleni ya malori, bado lipo. Kuni ndizo zimeondoka. Siku hizi napikia gesi, na madereva wananung'unika kwamba maharagwe yamepoteza ladha. Nawaambia ladha ile ilikuwa mapafu yangu na ya Amoit. Wanacheka, halafu mmoja wao anaacha kutafuna kidogo.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya maharagwe.

Unakumbuka wale watu wa utafiti walipokuja kutafuta wapishi wanaokohoa. Walikuandikisha wewe. Mimi nilikuwa nimeenda Busibwabo kumsaidia mama kupanda mahindi, nikarudi nikakuta orodha imefungwa, na kikohozi changu bado ninacho. Ukanipa ile karatasi ndefu ya kukubali nikusomee, ukisema macho yako yamebaki ya kuchagua mchele tu. Niliisoma yote, hata yale maandishi madogo ya chini, mimi ambaye shule iliniacha darasa la sita. Ilisema ugonjwa wako ni sugu, hauponi, lakini wanataka kujua kama dawa ya kuvuta kwa mdomo, ikitumiwa kila siku, itapunguza zile siku za kuzidiwa. Vuta mara mbili asubuhi, mara mbili jioni. Ilisema pia kwamba dawa ni ya mshiriki peke yake. Hapo nilisoma polepole.

Ukanitazama nikikohoa juu ya sufuria. Ukasema, "Nafula, kitu cha kuingia mdomoni hakiliwi peke yako."

Basi tukagawana. Wewe mara moja, mimi mara moja, asubuhi na jioni, tukikipangusa kile kifaa cha kuvutia kwa pindo la leso kama kikombe cha mgeni. Na kale kadirisha ka namba kwenye inhela, kanakohesabu dawa iliyobaki, kalihesabu sawasawa. Siku ya kliniki sista alikaangalia, akakusifu mbele ya benchi zima kwamba wewe ni mfano, hujaruka hata siku moja. Ukainamisha macho kama bibi harusi. Mimi msindikizaji wako nikageukia ukuta, nikasoma tangazo la kunawa mikono mpaka nikalikariri.

Kisha ukapuliza kwenye mashine yao ya kupima pumzi, sista akikuhimiza puliza, puliza, bado, bado, kama mkunga. Mstari haukupanda. Wakaandika. Mimi nilijua sababu, nikanyamaza, kwa kuwa kifua changu kilikuwa kimeanza kutulia.

Hapo ndipo panaponichoma, dada.

Mvua ya masika ikaja, ukazidiwa, ukaingia hospitali na hukutoka. Baada ya mazishi sista alikuja kunipa pole na kuniuliza maswali ya mwisho, kwa sababu mimi ndiye niliyeshinda nawe kila siku. Alikuwa ameshaandika kwamba dawa uliitumia yote. Akasema kwa upole, basi, kwa Amoit dawa haikusaidia. Nikaitikia. Niliitikia kwa kichwa, hata mdomo sikuufungua.

Wiki nzima niliiona ile karatasi ya sista hata nikikanda chapati. Yuko mama mmoja Port Victoria anayekausha samaki kwa moshi. Simjui wala hanijui. Siku moja daktari wake atasoma kwamba kuna mgonjwa aliyevuta dawa yote na bado akafa, na ataamua juu ya kifua cha mama huyo kwa uongo wetu sisi wawili. Nikavaa lile gauni la kanisani, nikaenda kliniki.

Nilimwambia daktari wa utafiti mbele ya sista. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa. Nilikuwa na majibu mawili mazuri ambayo hayakupata kazi. Alivua miwani, akaniuliza tulianza lini kugawana, akaandika. Ndipo nikauliza lililonipeleka hasa: ile nusu yangu ingekuwa yako, je, ungekuwa hai?

"Sijui, mama," akasema. "Na sitakudanganya kwamba najua."

Nilitaka aseme hapana. Hata ndiyo ningeibeba. Hilo "sijui" ni mzigo usio na pa kushikia, lakini ndio ukweli, nikarudi nao nyumbani.

Hawakukufuta. Umeandikwa ulivyokuwa: nusu. Na sasa kila anayejiandikisha anaulizwa ni nani mwingine jikoni kwake anakohoa, na huyo naye anapimwa. Sista alisema mimi ndiye niliyewafundisha swali hilo. Nikamwambia ni Amoit, mimi nilivuta tu. Nami nimepimwa. Ni ugonjwa uleule. Nina inhela yangu, na jirani alipoiomba nilimshika mkono nikampeleka kliniki mwenyewe. Alinuna njia nzima.

Limebaki moja. Binti yako Asekenye, kule Butula alikoolewa, bado ananiita mama mdogo. Kila akipiga simu ananishukuru kwamba nilikutunza, nami najibu asante, kama mtu mwenye adabu. Kesho naenda kwake. Siendi na mtu wa kunisemea. Akilia, nitangoja. Akinifukuza, nitatoka, na Jumapili nitarudi, kwa sababu akishalia atakuwa na maswali, na ni mimi tu mwenye majibu.

Pumzika, dada yangu. Nakuahidi nitasema nikiwa bado mlangoni, kabla hajanikaribisha chai. Nikishainywa chai yake nitakuwa mwoga.

Wako,
Nafula