Mjomba Aliyefufuka

Jumanne, Kipawa

Yule mjomba wa kwenye riwaya ninayoitafsiri amefufuka. Tulimzika kwenye sura za mwanzo kabisa, na leo, nikikaribia kumaliza tafsiri, nimemkuta sebuleni anakunywa kahawa. Nilirudia kusoma Kifaransa chenyewe nikidhani macho yangu yamenidanganya.

Namwelewa mwandishi. Alikuwa akiandikia gazeti sura moja kila siku, riwaya mbili tatu kwa mpigo, Paris nzima ikimsubiri. Angewakumbukaje marehemu wote? Ila mie mtafsiri nikimwacha hivyo, wasomaji watasema nimekosea mimi. Nikimfuta, nimeharibu kazi ya mwenzangu.

Jioni shangazi alikuwa akichambua mchicha. Yeye ndiye msikilizaji wangu wa kwanza, kila sura namsomea. Nikamwambia nataka kumwondoa mjomba, maana alishakufa.

"Mie nilimlilia yule," akasema. "Karudi salama, wewe unataka kumuua tena?"

"Lakini ni kosa, shangazi."

"Kosa lilikuwa kumzika. Karekebishe huko."

Nimebishana naye mpaka mchicha ukaiva, kisha nimefuta mazishi. Mjomba sasa alisafiri tu, hakuaga. Mwandishi anisamehe huko aliko, ingawa nadhani naye angefurahi kumwona.