Betri Yenye Alama Nyekundu

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa: Kituo cha Polisi, chumba cha upelelezi, Jumatatu alasiri
Shahidi: Mama Picha (ndivyo anavyoitwa kazini na mtaani, majina kamili yamo kwenye jalada)
Umri: miaka 39
Kazi: mpiga picha za sherehe
Makazi: ghorofa ya kwanza juu ya studio, barabara ya nyuma ya soko
Kuhusu: moto ndani ya gari na kifo cha dereva, uwanja wa chuo cha uuguzi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa hiari yangu. Nimeambiwa niseme kweli, na kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, nami nimeelewa. Afande ameniambia pia nieleze nilichokiona, si ninachokifikiria. Nitajitahidi, ila tangu msiba uanze vitu hivyo viwili vinalala kitanda kimoja.

Mimi na mume wangu tuna studio ya picha na video. Yeye ndiye msimamizi na kila mtu humwita Bosi, hata mimi tukiwa kazini. Mimi napiga picha za mnato. Anayerusha droni ni mfanyakazi wetu, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, tunamwita Rubani. Dereva alikuwa baba yangu mdogo. Tulimwita Mzee Gia kwa sababu hakuwahi kupanda kilima bila kuitukana gia ya pili. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la tatu, na huyu ndiye aliyenilea, na ndiye aliyesimama mahali pa baba siku ya ndoa yangu. Ndiye aliyeungua.

Mwanzoni mwa mwezi uliopita, simu ya kuongozea droni ilileta ujumbe kwamba programu ya ndani ya betri inahitaji kusasishwa. Rubani aliusoma ujumbe mpaka mwisho, jambo ambalo pale studio hakuna mwingine analifanya. Alitusomea kwa sauti: watengenezaji wamegundua kuna betri zinazopata joto kupita kiasi, sasisho litazifanya zitoe onyo mapema, na betri itakayorudia kutoa onyo isitumike tena. Alizisasisha zote nne siku ileile mezani, sote tukimwona. Hilo nalisema kwa sababu nimesikia imeandikwa mahali kwamba alikataa kusasisha.

Kuanzia hapo amani ikaisha. Droni ikikaa juani kidogo tu, kioo cha simu kinakuwa chekundu: joto la betri limezidi, tua sasa. Usipotua, inatua yenyewe. Kwenye harusi moja ilishuka wakati bibi harusi ndiyo kwanza anateremka garini, ikajibwaga kwenye maua, picha ya kuteremka tukaikosa. Mama mzazi wa bibi harusi alimwambia Bosi maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya afande.

Bosi alirudi studio amevimba. Akamwambia Rubani, "Rudisha programu ya zamani."

"Hairudi, Bosi. Ikishaingia imeingia."

"Betri zilikuwa nzima. Hiyo apdeti yenu ndiyo imeziharibu, ili tununue mpya."

Rubani akasema, "Hazikuwa nzima, Bosi. Zilikuwa kimya."

Bosi hakupenda jibu hilo. Mimi nilikuwa nasafisha lenzi, nikaendelea kusafisha.

Kati ya zile nne, moja ilikuwa mkorofi kuliko wenzake. Ilitoa onyo hata ikiwa imekaa mezani haina kazi. Rubani aliniomba rangi ya kucha, nikampa nyekundu, akaipaka alama ya msalaba ubavuni. Akaiweka kwenye droo ya chuma na kutuambia wote, "Huyu ni mgonjwa. Asiguswe na mtu mpaka nimpeleke wanakopokea mbovu." Mzee Gia akauliza kama mgonjwa anaruhusiwa kutembelewa. Tulicheka sana. Hata Bosi alicheka.

Wiki iliyofuata Bosi akaja na maarifa yake. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Alichukua kisanduku chetu cha barafu, kile cha bluu cha kubebea soda, akazitia betri kwenye mfuko wa nailoni na kuzizika humo. Zikitoka hapo kipimo kinasoma baridi, droni inapaa bila neno. Rubani alipinga. Alisema barafu inapoza ganda tu, moto wa ndani uko palepale, na unyevu ukipenya kwenye meno ya betri tusimtafute mchawi.

Bosi akamjibu, "Kazi yako kurusha. Kupoza niachie mimi."

Huo ndio ukawa utaratibu wetu, na afande naomba ulielewe hili vizuri maana kesi yote imekaa hapa. Rubani alisimama uwanjani na rimoti, haondoki. Bosi ndiye aliyemletea betri iliyopozwa na kuondoka na iliyochoka. Iliyochoka aliizika kwenye barafu, akaifuta kwa taulo, akaichomeka kwenye chaja sakafuni mwa gari, nyuma ya kiti cha dereva. Injini haikuzimwa. Vioo vilifungwa na kiyoyozi kikapuliza, ili chaja zisichemke. Rubani hakuwa na ruhusa ya kugusa chaja, na baada ya ule ubishi wala hakuitaka.

Aliyefurahi kuliko wote ni Mzee Gia. Sisi tukihangaika juani, yeye alikuwa anavua viatu, anaviweka chini nje ya mlango asichafue zulia la gari, anajilaza kiti cha nyuma. Alisema amezaa, amelea, ameendesha malori mpaka mgongo ukapinda, hakuna aliyewahi kumwashia kiyoyozi, na leo anawashiwa kwa heshima ya betri.

Na mimi nilinyamaza. Kioo hakikuwa chekundu tena, kazi zilikwenda, mume wangu alikuwa amerudi kucheka mezani. Tulikuwa tunatibu onyo, betri tumeiacha na ugonjwa wake. Afande anasema hayo ni mawazo. Naomba yaandikwe hivyohivyo.

Mnamo Jumamosi, tarehe 14 ya mwezi huu, tulikuwa na kazi ya mahafali kwenye chuo cha uuguzi. Asubuhi kabla hatujaondoka niliingia msalani pale studio kunawa uso. Juu ya sinki nilikuta chupa yangu ya dawa ya kutolea rangi ya kucha, haina kifuniko. Chupa hiyo hukaa chumbani kwangu, ghorofani, na wiki ile sikuwa na rangi hata kwenye kidole kimoja. Ndani ya pipa la taka kulikuwa na pamba yenye wekundu.

Nilimuuliza Bosi. Akasema, "Nilikuwa nafuta wino kwenye begi la kamera."

Nilikasirika kwa ajili ya dawa, maana ilikuwa imebaki nusu. Nikafunga chupa. Watu wanapakia vyombo, gari linanguruma, nani ana muda wa kuihoji pamba?

Chuoni gari liliegeshwa kando ya ukuta wa maabara, na Mzee Gia akajilaza kiti cha nyuma kama kawaida yake. Mimi nilikuwa karibu na jukwaa. Rubani alikuwa katikati ya uwanja na hakutoka machoni pangu, kwa sababu nilikuwa nakwepa asiingie kwenye picha zangu. Bosi ndiye aliyekuwa akienda garini na kurudi. Ilipofika zamu ya wahitimu kurusha kofia nilisogea uwanjani, nikasimama hatua chache kutoka kwa Rubani. Betri zake tatu zilikuwa zimekwisha. Alikuwa amemwashiria Bosi kwamba tungoje zijae. Bosi akaja na betri mkononi, ina majimaji bado.

Rubani akauliza, "Hii ni ipi?"

"Ile ya kwanza. Imeshajaa."

"Mapema hivi?"

"Wewe rusha, kofia zinaenda juu."

Rubani aliigeuza akaangalia ubavu wake. Nilimwona kwa macho yangu akiangalia ubavu. Ulikuwa safi, hauna alama. Akaipachika. Droni ikapaa, kioo hakikuonyesha onyo lolote, na kofia zikapigwa picha kutoka juu. Ni picha nzuri. Niliiona jana kwenye kompyuta, nikaizima. Droni ilipotua, Bosi alichukua ile betri akaenda nayo garini. Alirudi mikono mitupu, akaenda kusimama kwenye meza ya soda.

Ilikuwa kama saa saba mchana. Mkuu wa chuo alikuwa anaita wanaopokea zawadi. Nilisikia mlio kama wa bisi kwenye sufuria, nikadhani ni spika. Kisha mtu akapiga kelele, nikageuka, nikaona vioo vya gari letu vimekuwa vyeupe kwa ndani. Kwa mara ya kwanza siku nzima Rubani aliitupa rimoti chini akakimbia. Alifika kabla ya mtu mwingine yeyote. Alivuta mlango wa ubavuni, moto ukamtokea palepale mlangoni maana ndipo chaja zilipokuwa. Akachukua stendi ya kamera, akavunja kioo cha nyuma, akaingiza mikono yote miwili. Alimshika Mzee Gia kwenye shati, shati likabaki mikononi mwake. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, na alikuwa anasema "mgonjwa, mgonjwa" mara nyingi. Wakati ule nilidhani anamwita muuguzi.

Walimtoa baba mdogo baada ya moto kuzimwa. Viatu vyake vilikuwa nje ya mlango, vimekaa sawasawa. Hata vumbi havikuwa nalo.

Rubani alikamatwa jioni ileile zahanati, akiwa anafungwa bandeji. Jana tulizika. Tuliporudi kutoka makaburini mume wangu aliniita chumbani, akaniambia ameshaandikisha kwamba mwenye kuchaji betri ni Rubani, kwamba alikataa sasisho na kupuuza onyo, na kwamba mimi nitaitwa niseme hivyohivyo.

Nilimwambia, "Rubani hakukanyaga garini."

Akasema, "Mzee ameshakwenda, harudi. Nikifungwa mimi, wewe na watoto mtakula nini? Rubani ni nani kwako?"

Shangazi yangu alikuwa mlangoni ameshika chai. Badala ya kuuliza kulikoni, akasema ya ndani huwa hayaanikwi. Nikapokea chai.

Usiku ule sikulala, wala sitajisifu kwamba niliomba au niliwaza makubwa. Niliwaza neno "mgonjwa". Kulipopambazuka nilishuka studio, nikafungua ile droo ya chuma. Ilikuwa tupu. Nikaenda msalani. Kwa ajili ya msiba hakuna aliyemwaga taka tangu Jumamosi, na pamba ilikuwa palepale, nyekundu. Niliifunga kwenye pindo la mtandio wangu. Ndiyo hii ninayoiweka mezani kwa afande.

Afande ameniuliza kama mume wangu alitaka kumdhuru marehemu. Hapana. Alimpenda. Alilia kaburini kuliko mimi, na hakuwa anaigiza, mimi namjua akiigiza. Alitaka betri ya nne ipate kuruka, basi. Hilo nalo liandikwe kwa ukubwa uleule.

Ameniuliza pia kwa nini nayasema haya ilhali ni mume wangu. Wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hawasemi kifo kitakuwa cha nani. Rubani aliandika onyo lake kwa rangi yangu, likafutwa kwa dawa yangu, na mikono yake ndiyo iliyoungua akijaribu kumtoa baba yangu. Nimesikia yuko mahabusu ya kituo hikihiki na hawezi kushika hata kikombe. Mimi nina mikono mizima.

Jambo la mwisho. Mume wangu ndiye aliyenileta. Yuko nje kwenye benchi, ameshika mkoba wangu, anadhani nasema yale aliyonifundisha njiani. Naomba nitokee mlango mwingine.

Niliyoyaona ndiyo hayo, na haya ndiyo maelezo yangu. Nimesomewa, nikarekebisha mahali pawili, na sasa natia sahihi.

(Sahihi ya shahidi)

MAELEZO YA AFISA: Nimeyaandika maelezo haya kama yalivyotamkwa. Nimepokea kipande kimoja cha pamba chenye rangi nyekundu, kimefungwa kwenye bahasha na kutiwa lakiri mbele ya shahidi. Kuhusu ombi lake la mwisho, kituo hiki kina mlango mmoja, naye aliarifiwa hivyo. Alijifunga mtandio vizuri, akatoka. Mume wake alisimama, akampa mkoba, akamuuliza kama amemaliza. Shahidi alijibu, "Nimemaliza." Nikamwomba mume aingie.

(Sahihi ya afisa)