Tepu ya Jumamosi

Jumapili, saa nne asubuhi

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu kwanza, maana barua isiyo na salamu ni kama shati lisilo na kola: linavalika, lakini kila mtu anaona kuna kitu kimekosekana. Habari za huko kazini? Goti linaendeleaje? Nilikuambia usipande zile ngazi na mzigo begani, nawe ukanijibu kwamba mzigo ndiyo kazi yenyewe. Basi walau ulifunge bendeji asubuhi kabla hujatoka, si jioni likishavimba. Mimi sijambo. Macho yamepungua kidogo, cherehani yangu bado inakwenda, na jirani yetu mwenye kuku bado anasema jogoo wake hawiki, ni masikio yangu tu.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu ina kasoro moja: ukianza kusema jambo zito, mwenzako hukukatiza, na ukishakatizwa unapata nafasi ya kulipunguza. Mara tatu umenipigia ukamwulizia binti yako, na mara tatu nimekujibu kwamba yuko salama, amechoka tu na kazi. Nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa, mpaka mwisho, ndipo unipigie.

Binti yako anaumwa. Nilianza kuliona hilo mezani, pale tunapokatia vitambaa. Unajua anavyokata, mkono wake ni mwepesi kuliko wangu wa ujanani. Siku moja alipewa mashati sita ya wahudumu wa hoteli. Mikono ya shati hukatwa kwa jozi, wa kushoto na wa kulia, kitambaa kikiwa kimekunjwa ili mmoja uwe kioo cha mwenzake. Yeye alikata mikono kumi na miwili, yote ya kushoto. Nilifanya utani, nikamwuliza kama hoteli ile imeajiri watu wa mkono mmoja. Hakucheka wala hakukasirika. Aliitazama ile mikono kama kazi ya mtu mwingine, kisha akaenda kulala, na ilikuwa saa tano asubuhi.

Kuanzia hapo alikuwa haamki mpaka nimwite mara nne. Chakula alikizungusha kwenye sahani. Nywele alizifunga kitambaa kimoja wiki nzima. Wiki ya tatu aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayeuliza kama chai imechemka, kwamba haoni tofauti ya yeye kuwepo na kutokuwepo. Siku hiyo hiyo nilifunga karakana, nikamshika mkono, tukaenda kwa daktari.

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye subira, aliuita ugonjwa huo sonona. Alinieleza, nami nakueleza: si ile huzuni ya kufiwa au kuachwa, ambayo siku huipunguza. Hii hukaa hata pasipo sababu, ikamnyang’anya mtu usingizi, hamu ya kula na nia ya kufanya lolote. Mimi nilijitafsiria kifundi. Umeme upo, mota ni nzima, lakini mkanda umelegea. Ukanyage pedali utakavyo, sindano haishuki. Hutamlaumu fundi kwa hilo, wala huwezi kuikemea cherehani ikashona. Alimwandikia dawa, kidonge kimoja kila asubuhi, akatuonya kwamba kitachukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake na kwamba asikiache ghafla.

Tulipofika nyumbani binti yako alitoa ile karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa. Akasoma mstari mmoja kwa sauti: kwamba baadhi ya watumiaji huongezeka uzito. Akaikunja karatasi, akasema hamezi.

Nilidhani ni mambo ya ujana. Nilimwambia hata mimi kiuno changu kilihama bila kuaga na bado nakula ubwabwa wangu kwa raha. Akanijibu kwamba mimi sikupewa jina. Hapo, mdogo wangu, nilikukumbuka wewe. Wewe ndiye uliyemwita Sindano tangu ana miaka minne, kwa wembamba wake, na mpaka leo ukipiga simu huanza kwa kuuliza kama Sindano hajawa jora la kitambaa. Ni utani wa baba, najua. Lakini nilimwona anavyojishika kiuno kila ukikata simu.

Tulibishana siku mbili. Mwishowe tukapatana kama mafundi. Kiuno chake kilikuwa inchi ishirini na nne. Atameza dawa, na kila Jumamosi asubuhi kabla ya wateja nitampima mbele ya kioo kirefu. Kikifika ishirini na sita, anaacha, nami sitamsumbua tena. Nilikubali, kwa sababu nilitaka tu kidonge cha kwanza kishuke.

Jumamosi nne za mwanzo tepu ilisema ishirini na nne. Ya tano ikasema ishirini na tano. Ya sita ikasogea nusu inchi tena, naye akakaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani, mpaka mchana. Jumamosi ya saba ikarudi ishirini na nne, na kwa mara ya kwanza tangu mikono ya kushoto nikamsikia akicheka. Baada ya hapo ilicheza humo humo, ishirini na nne na nusu, ishirini na tano, haikuvuka. Na yeye akawa anarudi, kidogo kidogo, kama daktari alivyosema. Akaanza kuamka bila kuitwa. Akamwambia jirani kwamba jogoo wake anawika kwa mkopo wa sauti. Akala akamaliza, akaomba tena. Nilisimama jikoni na mwiko mkononi nikamshukuru Mungu.

Sasa nakuja kwenye suti.

Mwalimu Mkuu wa shule ya watoto wa chekechea, mama mwenye umbo la kujaza mlango na sauti ya kujaza uwanja, alikuja Jumamosi moja kupimwa suti ya sherehe yake ya kustaafu. Mimi nilikuwa nje napokea vitambaa. Binti yako alichukua tepu niliyoiacha kwenye mgongo wa kiti baada ya kumpima yeye asubuhi, akampima mteja, akaandika kwenye daftari, na Jumatatu akakata. Siku ya kujaribu, sketi ilikwama mapajani. Mwalimu Mkuu alituambia kwamba yeye kweli anapenda keki, lakini hakuna keki ya kumpa mtu inchi mbili na nusu kwa siku tisa. Tulicheka naye, tukamwomba radhi, akatupa wiki moja.

Binti yako hakucheka. Ni mkataji, na mkataji akikosea hutafuta kosa lilipoanzia. Ukingoni mwa meza yetu kuna rula ya chuma iliyokazwa kwa skrubu. Akalaza tepu juu ya rula. Niseme jambo ambalo mtu asiye fundi hulijua mara chache: tepu ya kitambaa huzeeka. Ikivutwa miaka mingi hutanuka, inchi zake zikawa ndefu kuliko inchi za kweli, kwa hiyo mtu wa ishirini na saba husomeka ishirini na tano na kidogo. Inchi za tepu hazikulingana na za rula. Kisha akachukua tepu mpya iliyokuwa ndani ya droo, akajizungushia kiunoni mwenyewe. Sikuona namba. Aliniuliza kama nilijua. Nikamjibu kwamba tepu imezeeka kama mimi, na sote wawili tusamehewe.

Nilijua, mdogo wangu. Hilo ndilo nililokuja kukiri.

Tepu ile niliitoa kwenye chuo cha ushonaji nilipostaafu kufundisha. Huko kwa miaka kumi niliwaonyesha wanafunzi kama mfano wa kifaa cha kutupwa, na hapa karakanani ilining’inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Baada ya ile Jumamosi ya sita niliitungua, nikaifuta vumbi, nikaitia mfukoni mwa aproni. Halafu, kila Jumapili akienda kusuka au kutembea, nilizigeuza sketi zake, nikafumua mishono ya ubavuni na kuachia robo inchi zisimbane, maana sikuzote huacha akiba ya mshono kwenye nguo za watu ninaowapenda. Mimi niliyewafundisha watu mia tatu kwamba fundi hana mali zaidi ya kipimo cha kweli, nilimdanganya mtoto wako kwa kipimo, wiki saba. Nilijiambia kwamba ni afadhali awe hai na inchi za uongo.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Kesho yake nilikuta sketi yake ya buluu juu ya cherehani yangu, imegeuzwa ndani nje, mishono yangu mipya ikinitazama. Anaujua mkono wangu. Na boksi jipya la dawa ya mwezi huo lilikuwa kando, limejaa kama tulivyolichukua.

Ameacha dawa siku kumi na moja leo. Usingizi umekatika tena, ana kizunguzungu, analala amegeukia ukuta.

Juzi nilikwenda peke yangu kwa daktari, nikamweleza yote. Hakunikaripia. Alisema tu kwamba ugonjwa huu tayari humdanganya mtu mchana kutwa, nami nimemwongezea mwongo wa pili. Alisema si kila anayemeza dawa ile hunenepa, na sehemu ya uzito ule huenda ni hamu ya kula iliyorudi. Alisema zipo dawa nyingine, kuna kupunguza kipimo na kubadilisha taratibu, lakini hayo hupangwa na mgonjwa mwenyewe akiwa amekaa pale na anajua namba zake. Akaniuliza binti anaogopa nini hasa. Nikajibu: kunenepa. Akaniuliza kama nilimwuliza. Nilimpima mara kumi na tatu, mdogo wangu. Sikumwuliza hata mara moja.

Nilimwuliza jana. Nilikaa chini, mgongo wangu kwenye kitanda chake ili asilazimike kunitazama, nikaungama kwanza mambo ya tepu, kisha nikauliza. Ndipo akaniambia kwamba mama yake alipoanza kupewa vidonge, uso ulivimba, mikono ikajaa, watu wakaja kutusifu kwamba mgonjwa amenawiri. Miezi minane baadaye tukamzika. Binti yako alikuwa na miaka kumi na mmoja, alikuwa anahesabu miezi. Tangu siku ile, kwake dawa inayonenepesha ni dawa ya kuzikwa. Jina lako la Sindano hakulipenda kwa wembamba. Alilishika kama hirizi.

Mimi wifi yangu nilimwona kwa kuja na kuondoka. Wewe ndiye uliyekaa naye hospitalini. Wewe ndiye unayejua zilikuwa dawa za nini, madaktari walisema nini kuhusu figo zake, na kwamba ule haukuwa unono, yalikuwa maji. Nikimwambia mimi, atasema Shangazi amebadilisha tepu nyingine. Hilo nimelivuna mwenyewe.

Amekubali twende kwa daktari Alhamisi. Hajakubali zaidi ya hapo. Kwa hiyo nakuomba umpigie kabla ya Alhamisi. Usimkemee, usimwambie ajikaze. Mweleze habari za mama yake tangu mwanzo, hata pale unapoona aibu kulia. Na umwite kwa jina alilopewa na mama yake.

Nisalimie wenzako wa kazini, yule mpishi wenu hasa, na umwambie kanzu yake iko tayari. Jirani anakusalimu, na jogoo wake pia, saa kumi kila siku.

Mwisho, lile gauni ulilosema umemnunulia. Kama lilikatwa kwa kile kipimo ulichonacho kichwani, lirudishe dukani. Kiuno chake ni inchi ishirini na saba. Nimekipima leo asubuhi kwa tepu mpya, mara mbili, yeye mwenyewe akisoma namba kwa sauti, na ndiye aliyeniruhusu nikuandikie.

Ni mimi dada yako,
Fundi