Doa Kwenye Anga la Karabelov

Jumamosi, 4 Machi 2017

Nimerudi kutoka maonyesho ya klabu yetu ya picha. Sijavua hata koti.

Karabelov, mwenyekiti wetu, ametundika picha yake kubwa kuliko zote, upana wa mlango. Ndege mwari anatua kwenye ziwa la Srebarna, mwaka 2011. Watu wanapiga makofi. Mimi nimesimama na glasi ya divai, naangalia anga. Chini kushoto, kwenye weupe, kuna doa. Dogo, limepinda kama kipande cha ukucha.

Doa hilo nalijua. Miaka mitano nalifuta kwenye picha zangu, moja baada ya nyingine. Pale pale, limepinda vile vile. Nilipomwonyesha Karabelov alisema mikono yangu michafu, nabadilisha lenzi kwenye upepo kama mtu anayemenya viazi. Nikaona haya. Nikanunua brashi, pampu ya hewa, vitambaa vya bei mbaya.

Lenzi inayotoa doa hilo niliuziwa na Plamen, dukani kwake karibu na soko. Leva elfu tatu na mia nane. Ilikuwa ya daktari mmoja wa Varna, akasema, marehemu, aliitumia mara mbili tu.

Daktari wa Varna! Ilikuwa ya Karabelov mwenyewe.

Jumapili, 5 Machi

Plamen ni mtoto wa dada yake Karabelov. Mji mzima wa Silistra unajua. Hata mimi nilijua, ila sikuwahi kuunganisha. Kamera ya kwanza, kwa Plamen. Ya pili, kwa Plamen. Stendi ya miguu mitatu inayolegea, begi, lenzi yenye doa. Kila safari aliyenituma ni Karabelov. Mkono begani, sauti ya kasisi: "Umekua, dada yangu. Hiki kimeshakubana." Na haupiti muda yeye mwenyewe ana kitu kipya shingoni.

Mimi nauza dawa kwenye kaunta ya famasia. Paa la jikoni linavuja juu ya jiko, nimetega beseni. Na muda wote huo, kumbe, nilikuwa namvalisha mtu yule kamera mpya kwa pesa zangu.

Dada yangu Ginka amekuja na banitsa ya moto, mkate wetu wa jibini, nimemsimulia yote. Akasema nimfuate nikamwashe kofi mbele ya mkewe, yaishe.

Hapana. Kofi linapoa. Nataka awashwe mahali asipofika kujikuna.

Alhamisi, 9 Machi

Mkutano wa klabu. Nimesema kitu kimoja tu, wakati wa kahawa, bila kumtazama: kwamba nimemuuliza Plamen bei ya ile lenzi kubwa, ya milimita mia sita. Ile ambayo unamhesabia mwari manyoya kutoka ng'ambo ya ziwa.

Kijiko cha Karabelov kikasimama kikombeni.

Akauliza pesa nitatoa wapi. Nikasema nimekuwa nikiweka kidogo kidogo. Akacheka, lakini kwa meno tu. Hapa mjini hakuna mwenye lenzi ile. Hajazoea kuwa wa pili.

Nimetembea mpaka nyumbani nikiimba.

Jumanne, 21 Machi

Sasa anapiga simu kila jioni. Mara lenzi ni nzito, kiganja changu hakitaiweza. Mara nisubiri mwakani, bei itashuka. Leo nimemwacha amalize. Kisha nikalainisha sauti — labda ni kweli, mimi hainifai. Lakini wewe, Mwenyekiti? Umekua. Hiyo yako imeshakubana.

Nikamsikia anapumua.

Miaka yote nimemezeshwa maneno yale. Sikujua kuyatema ni kutamu hivi.

Jumatano, 5 Aprili

Ameagiza! Leva elfu ishirini na mbili. Plamen ndiye aliyeniambia, dukani, uso wake umefurahi na kuogopa kwa pamoja. Mjomba wake ameuza shamba la aprikoti kule kijijini Aydemir, alilorithi kwa baba yake. Kilichopungua amekopa benki.

Shamba sikulitegemea. Nilitegemea auze boti, labda pikipiki.

Nikasema hongera, nikanunua betri nisiyoihitaji, nikatoka.

Sawa. Shamba. Na paa langu je?

Jumanne, 18 Aprili

Famasia imefunguliwa baada ya Pasaka. Mteja wa kwanza alikuwa Stefka, mke wa Karabelov. Dawa za presha. Akaomba nusu pakiti.

Kila mwaka mama huyu hutuletea klabuni jamu ya aprikoti, kila mtu na chupa yake. Aliniuliza kama ni kweli mimi ndiye niliyemshauri mumewe. Hakuuliza kwa ubaya. Anasema mume wake amemwambia ni mimi peke yangu ninayemwelewa.

Nikajibu kwamba mzee ana akili zake. Nikamfungia dawa. Nikampa pakiti nzima, nusu ya bei nikaijaza mimi.

Halafu nikajikasirikia mchana kutwa. Mimi nani alinijazia nusu ya chochote?

Jumamosi, 6 Mei

Sikukuu ya Mtakatifu Georgi. Klabu nzima ziwani, mwanakondoo kwenye mkaa, rakia, pombe kali ya matunda, tangu asubuhi. Lenzi imefika. Kubwa kama ndoo. Karabelov ameibeba kifuani kama mtoto anayepelekwa kubatizwa.

Nilikuwa nimejiandaa. Kwenye bahasha nilikuwa na picha mbili: mwari wake na mwari wangu, doa kwa doa. Nilitaka nizitoe mbele ya wote, huku lenzi bado inameta na deni bado bichi.

Kabla sijafungua begi, akainua mkono. Akasema wa kwanza kutazama niwe mimi, Zdravka. Bila Zdravka asingethubutu.

Nikainama, nikaweka jicho.

Sijui niandikeje. Mwari alikuwa mbali, nukta nyeupe kwenye matete. Ndani ya kioo alikuwa hapa, mbele ya pua yangu. Tone la maji kwenye ncha ya mdomo. Ndani ya tone, jua. Akageuka, akanitazama.

Walinigusa bega niwapishe wengine. Walinigusa tena. Bahasha haikutoka begini.

Mjinga. Mjinga mimi.

Jumapili, 14 Mei

Karabelov amekuja kwangu, peke yake, na sanduku la lenzi. Hajanyoa. Stefka ameondoka, yuko kwa dada yake, mjini Dobrich. Ameapa harudi mpaka shamba lirudi. Aliyelinunua yuko tayari kuliachia kabla ya mavuno, ilimradi apate elfu zake kumi na mbili. Plamen hawezi kuichukua lenzi, hana mteja. Kwa hiyo niichukue mimi, kwa hizo hizo kumi na mbili. Deni la benki atalibeba mwenyewe.

Ndipo nilipotoa bahasha. Nikalaza picha mezani, moja kando ya nyingine, nikaweka kidole kwenye doa la kwanza, kisha la pili. Nikangoja.

Akavaa miwani. Masikio yakawa mekundu. Hakukana.

"Nilidhani hutaliona," akasema.

Kisha akaivuta picha yangu karibu, akakaa nayo muda mrefu. "Hii yako ni nzuri kuliko yangu. Na nilijua siku zote."

Miaka nimeingoja sentensi hiyo. Ameitoa leo, akiwa na kitu cha kuuza!

Nikamwambia aondoke. Akaondoka. Sanduku akaliacha kwenye kiti. Kutoka kwenye ngazi akasema nikae nalo mpaka kesho.

Jumatatu, 15 Mei

Sikwenda kazini. Niko dirishani na lenzi. Mbayuwayu wa mnara wa kanisa, kila unyoya. Katikati ya mto Danube, baharia wa Kiromania ananyoa ndevu kwenye sitaha — naliona povu.

Ginka amekuja. Anasema nimpigie Karabelov aje achukue mzigo wake, nimcheke usoni, si ndicho nilichokuwa nakitaka? Nikamwambia nikinunua, Stefka atapata shamba lake.

"Unamlilia Stefka," akauliza, "au unalililia hilo dude?"

Nikasema nitamkata bei. Kumi na moja, hiyo moja akaitafute kwa jasho lake. Akasema hilo si jibu.

Si jibu. Najua. Nikinunua, yule mtu ameniuzia tena. Nisiponunua, mama wa watu anakaa Dobrich kwa maneno yangu. Na jicho langu halitaki kutoka kwenye kioo.

Hela za paa zipo. Nyingine nitakopa kazini. Inayobaki itatoka kwenye gari langu, nimeshampigia mnunuzi.

Mnunuzi wa gari amefika, anapiga honi chini. Ginka amevuta kiti mpaka mlangoni, ameketi, funguo za gari amezikalia. Anasema sipiti. Nimevaa kiatu kimoja. Honi tena. Namwambia dada, nyanyuka, sauti yangu tulivu kabisa, na yeye ananitazama kama hanijui —