Njano Ipi, Baba Mkwe?

Shangazi Generosa, shikamoo. Nisaidie haraka, maana nakaribia kukosa mke kwa sababu ya rangi ya njano.

Mimi nina duka la steshenari hapa Bugarama, na baba mkwe wangu mtarajiwa, Mzee Bujiku, ndiye mwenyekiti wa timu yetu ya Radi, sasa tumeingia fainali na kazi ya kuagiza jezi mpya Mwanza amenipa mimi, akasema mbele ya wazee kwamba tarehe ya harusi ataitaja jezi zikifika na njano yenyewe, kwa sababu kijana asiyeijua rangi ya timu hakabidhiwi binti. Kiwanda nacho hakipokei maneno, wanataka namba ya rangi, ile ya kwenye kompyuta, na katiba ya timu imesema tu "njano ya dhahabu", basi nikawauliza wachimbaji, wakanionyesha dhahabu iliyotoka kuchomwa, imepauka kama mchanga, nikaenda kwa mnunuzi wa dhahabu, akacheka akanionyesha jino lake la dhahabu, nikatafuta mtandaoni nikapata namba ya timu moja ya Ulaya, Mzee akasema hiyo ni njano ya ndizi. Jezi ya kwanza kabisa imetundikwa sebuleni kwake, nikaipiga picha asubuhi simu ikatoa namba hii, mchana nyingine, jioni ikaniambia ni kahawia.

Wanasema jezi zile za kwanza alizichovya rangi mama mkwe, na mpaka leo rangi huchanganya mwenyewe, lakini mimi ni Msukuma, mama mkwe simkaribii wala simtazami, juzi alitokea ghafla nikajificha nyuma ya kihenge cha mahindi mpaka kuku wakanishangaa. Kibaya zaidi mchumba wangu Ritha hanielewi, siku ile napiga picha alikuja na gauni jipya la njano, kazi ya mama yake pia, akasimama mbele ya jezi akasema, "Enock, hebu nitazame," nikamwambia asogee ananizibia mwanga, akaondoka amenuna na simu hapokei. Shangazi, mtaalamu wa rangi nimpate wapi?

Enock, Bugarama

Marahaba, Enock. Pole, na pole nakupa kwa sababu nimelelewa vizuri, lakini barua yako nimeisoma nimeshika kichwa. Umezunguka Bugarama nzima mpaka kwenye jino la mtu! Halafu rangi yenyewe ikaja kwa miguu yake, ikasimama mbele yako, ikakuita kwa jina, ukaiambia isogee. Loo! Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Wewe umeambiwa, na bado.

Jezi ya sebuleni imekula jua na moshi miaka yote, hata ukiipiga picha mpaka simu ichoke utapata namba ya vumbi tu. Gauni la Ritha ni jipya na limetoka kwenye mkono uleule. Kumheshimu mama mkwe ni vizuri, endelea na kihenge chako, sikukatazi. Lakini nani alikuambia umkimbie binti yake pia? Ritha angeingia jikoni akamuuliza mama yake, akatoka na jibu kabla chai haijapoa. Hukumwuliza hata siku moja.

Sasa sikiliza. Simu acha, nenda mwenyewe. Anza na samahani, na usitaje jezi wala fainali. Mtazame. Akishacheka, siyo kabla, ndipo umwombe kipande cha kitambaa kutoka pindo la ndani ambako jua halijafika, ukitume Mwanza kwa basi. Rangi waipime wenyewe, wakuchapie kipande cha majaribio, na Ritha ampelekee mama yake akague. Mama akikubali, Mzee Bujiku atasema hiyo ndiyo njano aliyokuwa akiisema siku zote. Mwache aseme.

Ila Ritha akikuuliza gauni lile lilikuwa na mikono mirefu au mifupi, utajibu nini? Fikiri ukiwa njiani. Kama hukumbuki, sema hukumbuki, usibahatishe. Radi wakikosa jezi mpya watavaa za zamani, lakini wewe, mwanangu, huna mchumba wa akiba.